Waya Uliobaki Mfukoni

Katika nchi yetu ya chai mvua huja alasiri, na mara nyingi umeme huondoka nayo. Kwetu hiyo ni hali ya kawaida, na anayetaka kusimulia habari ya kompyuta huku Bomet hana budi kuanzia hapo. Siku moja stima ilikatika ikarudi kwa kishindo, na kurudi kwake kukaunguza kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta yangu, kile ambacho mafundi hukiita pawa saplai. Diski ilinusurika. Fundi mmoja mjini Kericho aliijaribu mbele yetu, akaomba tumwachie anakili yaliyomo. Dada yangu alikataa, akaichukua kwenda nayo kwake Siongiroi.

Ndani ya diski hiyo mlikuwa na sauti ya mama yetu. Nilikuwa nimemrekodi kwa ajili ya utafiti wangu wa msamiati wa Kipsigis: akitaja majina ya rangi za ng'ombe, akikohoa, akikatiza maelezo ili amfukuze kuku jikoni. Nakala nyingine ilikuwa katika simu ya dada, na simu hiyo ilitumbukia katika pipa la maji. Mama tulikuwa tumeshamzika. Sauti yake haikuwa imebaki mahali pengine popote.

Nilipopata pawa saplai mpya, dada alikuja, diski ikiwa imeviringishwa katika kitambaa cha kichwa. Akaketi karibu na meza na kuipakata. Mawingu yalikuwa yameanza kushuka upande wa Sotik.

Nilifanya kazi kwa utaratibu. Nyaya nene za bodi kuu na prosesa zilitoka ndani ya kisanduku chenyewe. Nikazichomeka, nikasubiri kila kishikizo kilie. Waya wa diski ni tofauti, kwa kuwa huchomoka pande zote mbili. Ule wa zamani ulikuwa bado nyuma ya kasha la kompyuta, kama nilivyoufunga mwenyewe kwa uzi, umepita vizuri kila pembe. Niliona haya kuubomoa mpango huo. Nikauchomeka katika kisanduku kipya, nao ukaingia bila kulazimishwa. Nikawasha. Feni ikazunguka, skrini ikaandika. Nikazima, nikanyoosha mkono nipewe diski.

Hapo ndipo nilipouona waya mwingine wa diski ndani ya mfuko wa plastiki uliokuja na kisanduku, mpya, haujaguswa. Nikaurudisha mkono.

"Nini tena?" dada akauliza.

"Wameweka waya wao."

"Si huo wako umeingia?"

"Umeingia."

"Na imewaka?"

"Imewaka."

"Sasa unangoja nini, Profesa? Askofu aje abariki?"

Nilimwambia kwamba sijui ninachongoja. Nilijua tu kwamba mtengenezaji hatoi waya bure. Ngurumo ya kwanza ilisikika mbali.

"Stima ikienda, tutalala hapa tukiangaliana," akasema. "Chomeka."

"Ukikamua, maziwa ya kwanza unayatia wapi?"

Sisi sote tulilelewa kwenye zizi lile lile: michirizi ya kwanza ya kila chuchu huingia katika kikombe chenye kifuniko cheusi, uone kama kuna mabonge ya ugonjwa wa kiwele, kabla ya kuruhusu tone lolote kwenye ndoo.

"Kikombe chako kiko wapi?" akauliza.

Nilimwonyesha kisomeo cha sidii, kikuukuu, ambacho hakuna aliyekihitaji tena. Nikakichomeka kwenye waya wa zamani, mahali pa diski. Nikabonyeza swichi. Kitu kikalia ndani ya kasha, feni ikasimama pale pale, na harufu ya plastiki iliyoungua ikajaa chumba. Nikang'oa plagi ukutani. Dada alikuwa ameikumbatia diski kwa mikono miwili.

Tulizilaza nyaya mbili sambamba mezani. Ncha za upande wa diski zilifanana kabisa. Upande wa kisanduku umbo la plagi lilikuwa moja, lakini mpangilio wa rangi ulitofautiana: palipokuwa na uzi mweusi katika waya mmoja, katika mwingine palikuwa na wa njano. Umeme wa volti kumi na mbili ulikuwa umepelekwa mahali pasipoustahili.

Nikauondoa waya wa zamani, nikaweka mpya. Kompyuta iliwaka tena. Lakini kisomeo kilikuwa kimekufa, na hatukuwa na kitu kingine cha kujaribia ila diski yenyewe.

"Kwa hesabu yangu, sasa ni salama," nikasema.

"Kwa hesabu yako."

"Ndiyo."

"Na hicho kisanduku hakijaumia?"

"Sidhani."

Mvua ilianza kupiga mabati. Dada aliifunua diski, akaitazama, akaifunga tena katika kitambaa.

"Mama amenyamaza muda huu wote," akasema. "Hata kesho atakuwa amenyamaza. Tafuta kikombe kingine."

Kesho yake nilinunua kisomeo kikuukuu huko Silibwet, nikakiunganisha kwa waya mpya, nikakiacha kikifanya kazi hadi adhuhuri. Kisha dada akanipa diski. Ilisomeka. Rekodi moja ilikuwa na kasoro na haikufunguka. Zilizobaki tulizinakili, na dada akarudi Siongiroi na nakala yake.