Fundi wa Kesho Kutwa

Miaka mingi nilimwomba Mungu ampe mume wangu moyo wa haraka. Niliomba kanisani, niliomba kwenye vichanja vya kuanikia samaki, mara nyingi niliomba huku nimekasirika, na siku moja Mungu akanisikia. Tangu hapo sijui niombe nini tena.

Mume wangu ni fundi wa kushona. Mashini yake iko kwenye baraza ya nyumba yetu hapa Kalemie, kando ya njia inayoshuka ziwani, na kila anayepita anamwona. Zamani alikuwa na ujanja ambao mafundi wengi wa hapa wanaujua. Mteja akileta kitenge, anampima, halafu anachukua makasi na kukikata palepale mbele ya macho yake. Mteja anaondoka na furaha, anadhani kazi imeanza. Kumbe wapi! Kitambaa kikishakatwa, mwenyewe hawezi tena kukibeba kwenda kwa fundi mwingine, kwa hiyo atangoja, apende asipende. Vipande vinakunjwa, vinafungwa kamba, vinatupwa juu ya rundo ndani ya chumba chetu. Mimi nililala na vitenge vya nusu ya mtaa.

"Imebaki kushona tu," ndivyo alivyowaambia. Imebaki kushona tu! Kama mpishi anayewaambia wageni kwamba imebaki kupika tu.

Na asiposhona alifanya nini? Alicheza dame, yaani drafti. Alichora ubao kwa makaa kwenye kipande cha mbao, vizibo vya bia upande huu, vizibo vya soda upande ule, na majirani wakamzunguka wakipiga kelele kila kizibo kilipoliwa. Jioni alikwenda kuoga ziwani, akarudi anaimba. Jumapili baada ya misa tulitembea wawili mpaka ufukweni, naye njia nzima aliniiga jinsi ninavyogombana na wanunuzi, hadi nikacheka mpaka mbavu zikauma. Mimi nauza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa. Wakitoka majini asubuhi, lazima waanikwe asubuhi hiyohiyo, la sivyo wananuka na mtaji umekwenda. Sasa mtu anayesema kesho, na baada ya kesho anasema kesho kutwa, alinichoma roho. Nilimgombeza mbele ya wateja, mbele ya wenzake wa dame.

"Papa, weye ni fundi wa makasi tu! Sindano unaiogopa?"

"Mama, kazi haiwezi kukimbia," alijibu, akala kizibo cha mtu.

Mama yake mzazi aliishi Kirungu, kule juu kwenye milima na baridi, akilima maharagwe. Mwaka mmoja alishuka kututembelea, akaja na kitenge kipya cha kijani alichonunua baada ya mavuno. Alitaka rob, yaani gauni, ya kuvaa kwenye misa ya akina mama wa parokia yake. Mwanawe alimpima huku akimtania kwamba futi ya kumpimia itabidi iunganishwe, kisha akakata palepale. Mama akapiga vigelegele. Akarudi kwake, na kitenge chake kikaenda juu ya rundo pamoja na vingine.

Mwanzoni alimwuliza mwanawe kwa simu, naye pia alimwita Papa kama mimi. "Papa, ile kikwembe yangu imefika wapi?"

"Imebaki kushona tu, Mama."

Misa ya akina mama ikafika, akaenda na nguo yake ya zamani. Ya mwaka uliofuata pia. Wateja wenye makelele walishonewa, kwa sababu waliweza kuja kututukana barazani. Mama mukwe wangu hakuwa na makelele, alikuwa mbali, na alikuwa mama. Nani anaharakisha nguo ya mama yake? Mama atangoja. Baadaye akaacha kuuliza. Akipiga simu alitaka kujua afya yetu, bei ya ndagala, kama mvua imenyesha. Habari ya nguo hakuitaja tena.

Kisha ugonjwa ukamshika. Ndugu walimteremsha kutoka milimani, wakamleta kwetu ili awe karibu na hospitali. Walipomshusha kwenye pikipiki nilitafuta yule mwanamke mnene niliyemjua, sikumwona. Hospitalini walimpima, wakatupa vidonge vya maumivu, wakasema tukae naye nyumbani. Tulielewa maana yake. Mume wangu aliingia chumbani, akavuta rundo, akatoa vile vipande vya kijani na kuvitandaza kitandani. Mwili aliokuwa amekatia nguo ile ulikuwa umekwisha kwenda.

Kuanzia hapo alikaa kwenye mashini. Alifumua, akapunguza, akashona, akafumua tena. Mama alilala kwenye mkeka barazani, karibu naye kabisa, maana ndani joto lilimshinda, yeye mtu wa baridi. Na alitaka kucheza. Yeye ndiye aliyemfundisha mwanawe dame utotoni, wakitumia maharagwe meupe na mekundu. Sasa alijilaza kwa ubavu, akauvuta ubao, akapanga vizibo polepole kwa vidole vyake vilivyokonda.

"Papa, acha kwanza hiyo mashini. Kuya tucheze."

"Kesho, Mama. Leo ninamaliza nguo yako."

"Nguo, acha tu. Kuya."

"Kidogo tu, Mama. Imebaki kidogo."

Nilikuwa uani nikigeuza ndagala, na nilisikia kila neno. Ningeweza kuingia nikamnyang'anya ule uzi. Sikuingia. Niliisikia mashini ikilia bila kupumzika, jambo ambalo sikuwahi kulisikia tangu niolewe, na nasema ukweli, nilifurahi. Nilifikiri, hatimaye.

Mama alipoona mwanawe haji, akaniita mimi. Dame siijui. Nilisukuma vizibo ovyo, akacheka hadi akakohoa. "Mutoto wangu, weye unacheza kama muntu anafukuza kuku." Sikumbuki vizuri kama alisema neno lingine baada ya hilo. Asubuhi iliyofuata mume wangu alikuwa anamalizia upindo wa chini, na mimi nilikuwa natoka na chai. Alikata uzi kwa meno. "Mama, imekwisha," akasema, bila kugeuka. Mimi niliyekuwa nimesimama mlangoni niliona kabla yake.

Tulimzika nayo.

Baada ya matanga nilidhani atalia siku chache, kisha ataurudia ubao wake. Aliirudia mashini. Rundo la chumbani likapungua, likapungua, hadi nikaona ukuta. Watu waliokuwa wamekwisha kusahau vitenge vyao waliletewa nguo nyumbani. Mama mmoja alipelekewa gauni la ubatizo la mtoto ambaye siku hizi anaenda shule peke yake. Watu walicheka, halafu wakaanza kusifu, na sifa zikafika mbali. Sasa wateja wanatoka hata kule Bendera. Mteja anaahidiwa Ijumaa, anapata Jumatano. "Mama, mume wako amebadilika! Mungu ni mwema," wananiambia sokoni. Nami najibu ndiyo, ni mwema.

Wenzake wa dame walikuja mara kadhaa, wakakaa, wakaongea na mgongo wake, wakaondoka. Wanacheza kwa muuza makaa. Ziwani haendi, labda anapohitaji maji. Haimbi. Anakula amesimama. Jumapili navaa, namngojea mlangoni, ananiambia nitangulie, atanifuata. Nimetembea ule ufuko peke yangu mara nyingi, nikigeuka nyuma kama mjinga. Hata akilala mguu wake unakanyaga, unasukuma shuka kana kwamba chini kuna pedali.

Nimejaribu. Nilificha uzi, akanunua mwingine. Nilinuna, hakuona kwamba nimenuna, na hakuna kitu kinachochosha kama hicho. Siku moja nilishindwa kuvumilia nikamwambia waziwazi: "Papa, Mama hakutaka nguo. Alikutaka weye." "Najua," akasema, akatunga uzi kwenye sindano.

Mwezi uliopita nilinunua kitenge changu mwenyewe, cha manjano, nikaja nacho barazani kama mteja.

"Fundi, nipime."

Alinipima.

"Sasa kata hapa hapa, miye nikiona. Halafu utupe kule chumbani. Usishone! Miye nitakuya kila siku kuuliza, na weye utanidanganya kama zamani. Nitakutukana, utacheka. Ndiyo ile tu nataka."

Alinitazama, na kwa mara ya kwanza tangu matanga niliona jambo fulani usoni mwake, dogo sana, karibu na pembe ya mdomo. Alichukua makasi, akakata. Alikunja vipande, akavifunga kamba, akaingia navyo chumbani, akatoka mikono mitupu. Nilibeba beseni langu nikaenda sokoni nikiimba mimi.

Siku nzima nilitunga matusi. Nilichagua mazuri. Niliporudi alasiri nilianza kupiga kelele tangu njiani, majirani wote wasikie: "Fundi! Rob yangu iko wapi, mwongo weye? Nikuitie polisi?" Muuza makaa akacheka, wacheza dame wakainua vichwa. Mume wangu hakuinua chake. Alininyooshea kidole tu kuelekea mlangoni, na pale ilikuwa inaning'inia, ya manjano, imeshonwa, imepigwa pasi, naye alikuwa amekwisha kuanza ya mtu mwingine.