Ungo wa Maharage Ilkiding'a

Niliondoka Iringa Jumatatu ya kwanza ya Februari, kwa sababu ya matokeo yaliyokuwa mazuri kupita kiasi. Timu changa ya Arusha ilikuwa imewapa wafugaji kadhaa programu ya simu inayokumbusha siku za chanjo ya mifugo, ili ione mtumiaji anakwama wapi. Programu hiyo hutengenezwa ng'ambo na hutumika katika nchi nyingi. Hakuna mfugaji hata mmoja aliyekwama. Mimi ninayefundisha timu za namna hiyo sijawahi kuona programu isiyomkwamisha mtu. Wenye programu nao waliingiwa na shaka. Walitaka kutazama jaribio lililopangwa Ijumaa hiyo moja kwa moja kupitia mtandao, na wasiporidhika, kazi ya Arusha ingefungwa.

Ninyi wa nyumbani mnajua kwamba nilianza kidato cha kwanza katika mwaka wa pili wa ujane wangu, nikiketi dawati moja na watoto wa majirani. Kazi iliyopatikana kwa njia hiyo siiachi ianguke kirahisi.

Jumanne jioni, baada ya kulala Dodoma na kupita Kondoa na Babati, basi letu lilifika Kisongo, nje kidogo ya Arusha. Mlima Meru ulikuwa mbele yetu, kilele wazi, kiuno kimefungwa wingu. Nilipanga chumba Sakina, jirani na mafundi wa magari waliogonga mabati mpaka giza lilipoingia.

Jumatano asubuhi nilikwenda kwenye ofisi ya timu ile, Themi. Msimamizi wa majaribio alikuwa binti wa Kiarusha aitwaye Nashipai, aliyeacha kazi ya mapokezi hotelini kwa ajili ya nafasi hii. Alikuwa amemwalika mama mmoja kutoka Moshono kwa mazoezi. Kila kidole cha yule mama kilipositasita juu ya kioo, cha Nashipai kilikuwa kimeshafika. Jaribio lilikwisha upesi, na mama akasema programu ni nzuri sana, Mungu awabariki.

Tulipobaki wawili nilimweleza kwamba anayejaribiwa ni simu, si mtu, na kwamba msimamizi hukaa kimya na kutazama.

"Mama Upendo," alisema, "nimkodolee macho mtu mzima anahangaika, mikono yangu nimeipakata? Kwetu nitaitwa mtu gani?"

Nilimjibu kama kitabu kinavyojibu: kimya ni sehemu ya kazi. Mchana alijaribu, na jirani wa mama yule. Dakika chache za kimya zilitosha. Mgeni aliweka simu mezani, akauliza kwa sauti ya chini kama amemkosea binti jambo. Kitabu changu hakikuwa na jibu la swali hilo, na Alhamisi yote tulirudia mazoezi bila kulipata.

Ijumaa asubuhi tulipanda Ilkiding'a, juu ya Sakina, kwenye boma la bibi mmoja mfugaji ambaye kila mtu humwita Koko, yaani bibi kwa Kimaa. Nashipai aliinamisha kichwa, Koko akamgusa utosini. Mimi nilitoa shikamoo yangu, nikapewa kigoda na kikombe cha chai ya maziwa. Simu ya pili iliegemezwa juu ya ndoo ili wa ng'ambo waone.

Kabla ya kuanza, Nashipai alipiga magoti mbele ya Koko.

"Koko, leo naomba ruhusa ya kutokukusaidia. Ukikwama, nitakuacha. Si dharau."

Koko aliuliza, "Na wewe utakuwa unafanya nini? Unanihesabia kope?"

Koko alivuta ungo wa maharage uliokuwa mlangoni, akamwekea mapajani. "Chambua. Mtu aliyekaa bure mbele yangu ananichosha."

Hapo ndipo kimya kilipopata mahali pa kukaa. Nashipai alitoa vijiwe na maharage yaliyooza. Koko alibonyeza simu huku akisema kila alichokiona, kama wanawake wanavyosema wakiwa kazini. Ukurasa wa kwanza ulimpendeza. Kwenye wa pili alisimama.

"Hii inauliza nina ng'ombe wangapi." Aliigeuza simu kifudifudi. "Nani kaituma? Ng'ombe hawahesabiwi mbele ya watu. Inataka wafe?"

Nilitafsiri, na kutoka juu ya ndoo mwanamke wa ng'ambo alizungumza Kiingereza taratibu: bibi aandike namba yoyote, jaribio liendelee. Nikaona vidole vya Nashipai vimeganda katikati ya maharage.

"Hapana," alijibu, kwa Kiingereza kilekile. "Hapa ndipo anapokwama."

Mwanamke akauliza wale wa mwanzo walipitaje. Nashipai alinitazama mimi, kisha akaitazama ndoo.

"Niliwaandikia mimi. Niliona aibu kuwauliza, nikawa naweka kumi kwa kila mtu."

Wa ng'ambo walizima sauti washauriane. Nilitaka kumsemea, nikajizuia. Kama ningemsaidia mimi, ningekuwa nimefundisha nini? Nilisogeza kigoda, nikatia mkono kwenye ungo, tukachambua pamoja. Koko alicheka peke yake, akisema kwamba sasa wasomi wawili wanamwandalia chakula cha mchana. Mwishowe sauti ilirudi, ikamwomba Nashipai amuulize Koko yeye angependa aulizwe nini.

"Niulizwe kama wazima," alisema Koko. "Dawa itoshe wangapi, hilo nitanong'ona na daktari wa mifugo."

Jumamosi jioni Nashipai alinipigia simu akitoka ofisini Themi. Kazi ya Arusha haifungwi: majaribio ya mwanzo yamefutwa, na yatarudiwa yote; atakayeyasimamia ni yeye.

Jumapili nilianza safari ya kurudi, na Jumatatu usiku nilikuwa Iringa. Nilikwenda Arusha kumfundisha binti kukaa kimya, nikarudi nikijua kwamba kimya hakibebeki mikono ikiwa mitupu. Kwenye mkoba wangu wa kufundishia, kando ya kitabu, sasa kuna mfuko wa maharage ambayo hayajachambuliwa.