Gramu Kumi na Sita za Sufu

Mtaa mzima ulimwita Mama Visigino, kwa sababu soksi alizofuma hazikutoboka kisigino. Uzi aliuchagua kwa shingo: anausugua chini ya sikio, ukimwasha anaurudisha dukani bila haya. Na kukadiria? Alikutazama tu miguu ulipokuwa ukivua viatu mlangoni, akasema, "Wewe gramu themanini," na zikawa themanini.

Basi dereva mstaafu, mume wa marehemu rafiki yake, alipoleta mikono ya sweta kwenye mfuko, yeye hakushtuka.

"Shemeji, mwenzangu alimaliza mkono mmoja, wa pili akaufikisha kiwikoni, akaniacha," alisema. "Nifumie soksi, zipande mpaka nusu ya muundi. Lakini uzi uwe wake huu tu. Usichanganye."

"Kwa miguu hiyo? Unataka soksi au magunia mawili?"

"Wewe fuma, maneno baadaye."

Akaifumua ile mikono. Uzi ulitoka umejikunja kama nywele zilizosukwa juzi, akauosha unyooke, akauning'iniza. Asubuhi aliushika, mkavu. Akauweka kwenye mizani ya mkwe wake, ile ya kupimia unga wa keki: gramu mia moja na nane. Soksi moja ingekula hamsini. "Zitabaki nane," alimpigia shemeji yake simu, kwa maringo.

Wiki ikapita, soksi ya kwanza ikaisha. Akaipima: hamsini kamili. Akapima donge lililobaki: arobaini na mbili.

"Nani kagusa uzi wangu?"

"Mama, nani ale sufu humu ndani?" mkwe wake alijibu.

"Basi mizani yako ina wazimu."

Akaipandishia pakiti ya chumvi ya nusu kilo. Ikasoma nusu kilo na kidogo cha karatasi. Mizani nzima. Chai ikapoa mbele yake. Gramu kumi na sita zinatokaje nyumbani bila kupita mlangoni? Tangu aanze kufuma alikuwa akipima uzi wa dukani. Huu ndio wa kwanza kuupima baada ya kuuosha. Akasimama. Alikata kipande cha sufu nyingine, si ya marehemu, akakipima: gramu kumi. Akakitundika bafuni mkwe wake akioga maji ya moto. Alipokitoa, alikiminya kiganjani: kikavu. Mizani ikasema kumi na mbili.

Akacheka peke yake. Kumbe sufu hunywa maji ikanyamaza!

"Sasa si uweke uzi mwingine vidoleni mwa hiyo ya pili?" mkwe alisema. "Ndani ya kiatu nani ataona?"

"Kaniambia nisichanganye. Nikichanganya, zitakuwa soksi zangu, si za mkewe."

Akamwita. Dereva alikuja, akaivaa ile moja hata kabla ya kukaa vizuri. Mama Visigino akamtazama usoni.

"Shemeji, nimekosea. Nilipima maji nikadhani ni uzi. Hautoshi."

Dereva alicheka mpaka akashika kiti. "Mama Visigino kakosea! Leo lazima nikamwambie..." Aliyetaka kumwambia hayupo.

Baadaye akauliza kwa sauti ndogo, "Tufanyeje?"

"Nilianzia vidoleni, kwa hiyo mwisho wa uzi uko juu. Nikifumua gramu nne hapo, soksi hii itabaki na arobaini na sita, na donge nalo litafika arobaini na sita. Zitalingana, ila urefu utapungua upana wa vidole viwili."

"Zote uzi wake?"

"Zote."

"Fumua."

Wala hakuivua. Aliunyoosha mguu juu ya kigoda, Mama Visigino akatafuta ncha, akavuta. Soksi ikaanza kushuka muundini duru kwa duru, mkwe akizungusha uzi na kuupima.

"Mbili na nusu," mkwe alisema.

"Inanitekenya!"

"Tulia, mtu mzima wewe."

"Tatu... Nne!"

Mama Visigino akaacha kuvuta. Akaokota vitanzi kimoja kimoja kwa sindano zake, palepale mguuni, akivihesabu kwa midomo. Kisha akapitisha kidole ukingoni.

"Inakubana?"

Dereva alitazama pale uzi wa mkewe ulipoishia. "Haibani. Panatosha hapo."

"Basi vua taratibu, niufunge ukingo, nianze ya pili. Na usije ukaondoka na sindano zangu mguuni."