Kaka wa Bibi Kwenye Filamu za Kale

Nilisikia kikohozi kabla sijaona chochote. Kikavu, kifupi, kama cha mtu anayeomba ruhusa ya kusema. Nilikuwa nimejilaza chumbani, nyumbani kwetu Al Twar, Dubai, mapazia yamefungwa kwa ajili ya jua la alasiri, nikadhani tumepata mgeni. Nilipotokea sebuleni nilimkuta Bibi tu, mama yake Mama, anatazama filamu ya Kimarekani ya zamani, isiyo na rangi. Aliyekohoa alikuwa karani wa hoteli ndani ya filamu. Alimkabidhi nyota ufunguo, akasema maneno mawili matatu, na hakuonekana tena.

Bibi ana desturi aliyotoka nayo Unguja: mwanamume akitokea kwenye televisheni, hata msoma habari, huvuta mtandio akafunika nywele. Siku ile mtandio ulikuwa umelala mabegani.

"Leo mtandio vipi?" Mama alimtania kutoka jikoni. "Au huyo si mwanamume?"

"Huyo kaka yangu. Nijifunike kwa kaka yangu?"

Mama alicheka, akaja kutazama, akaacha kucheka. Hata mimi, niliyemjua huyo kaka kwa picha moja tu, niliona walivyofanana: paji lile, masikio yale yaliyosimama.

Tangu hapo ikawa kazi yangu kumtafuta mwigizaji yule. Alicheza filamu nyingi kuliko nyota aliowahudumia. Hapa hakimu, pale mchimba kaburi, kwingine dereva wa teksi anayeilalamikia mvua. Mabango hayakuwahi kumtaja. Jina lake lilipita mwishoni, kwa herufi ndogo, wakati watu wanainuka. Mimi ninayehangaika kuandika riwaya nilimpenda kwa sababu yangu: alikaa dakika moja, nawe ukaamini ana mke nyumbani na goti linalomuuma.

Bibi hakujali goti. Yeye alitaka miaka. Alimwacha kaka yake Unguja bado kijana, akaja Dubai kuolewa, na kila mwaka alisema mwakani, inshallah, nitakwenda. Kaka alizeeka kulekule, akafia kulekule.

"Nitafutie ya uzeeni," aliniambia. "Nimwone alivyokuwa mzee."

Niliipata, moja ya zile za mwisho mwisho. Safari hii hakupewa hata neno. Nywele zimekuwa nyeupe kabisa, amekaa peke yake kwenye mkahawa wa stesheni anakunywa supu, na mbele yake kijana na mpenzi wake wanagombana. Kijiko kinatetemeka njia nzima hadi mdomoni.

Bibi alisogea karibu na kioo.

"Ona mkono. Nani alikuwa akimshikia kijiko?"

"Anaigiza, Bibi. Pengine mkono wake mzima."

"Najua anaigiza, we mwana. Mie namuulizia kaka yangu."

Nilimtazama Mama. Mama alitazama zulia. Kwenye filamu wapenzi walipatana, wakakumbatiana, na mzee akabaki ukingoni mwa picha, bega moja tu. Nilitaka kusema majirani walikuwepo, wajukuu walikuwepo, lakini sikuwa na hakika, na Bibi angejua nabahatisha.

Hakungoja filamu iishe. Alijiinua kwa kuegemea kochi, akakataa mkono wangu, akaenda zake chumbani. Akaingia, akafunga mlango.