Mama Aliyeitwa kwa Jina la Kaka

Mama alikuwa na jina kubwa Tunduma, na jina lenyewe halikuwa lake. Lilikuwa la kaka yangu, kifungua mimba wake. Kwetu mwanamke akishazaa huitwa kwa mtoto wake, na biashara yake nayo huitwa hivyo hivyo. Jina la kaka sitaliandika hapa. Nikisema Mama Fulani inatosha.

Aliuza maandazi ya iliki, miaka ile reli ilipokuwa ikijengwa. Duka hakuwa nalo wala kibao. Alikuwa na mdomo. Iwe kliniki, iwe kwaya ya kanisani, hakukaa kitako kabla hajamwambia aliye karibu, “Mimi ndiye Mama Fulani, yule wa maandazi.” Akisikia mwenzake anashona au anauza maharage, anamtafutia wateja, na mwenzake naye anamtangaza yeye. Hivyo jina la kaka likavuka mpaka hadi Nakonde, upande wa Zambia, ambako wanawake walimwita kwa Kibemba, Bana Fulani. Kaka alivimba kichwa, akadhani maandazi ni yake. Mimi, binti niliyemfuata, nilikufa kwa wivu.

Masika moja surua ikamchukua kaka.

Baada ya matanga mama akarudi kukanda unga. Sokoni hakuna aliyethubutu kulitamka lile jina. Wenzake, kwa huruma, wakaanza kumwita kwa jina langu. Nilifurahi, sifichi. Lakini mama hakugeuka. Walirudia, hakugeuka, mpaka mmoja akamgusa bega. Wateja walioelekezwa kwa hilo jina jipya walizunguka soko zima wakiliulizia, naye amekaa palepale, maandazi yakipoa.

Ndipo akaanza kwenda kuuzia Nakonde. Baba alidhani anafuata sukari. Siku moja nilimsindikiza, na hatujatua beseni, mwanamke mmoja wa kule akapaza sauti:

“Bana Fulani! Mwaiseni, karibu! Mtoto hajambo?”

“Hajambo,” mama akajibu.

“Anakua?”

“Anakua, mwenzangu. Viatu vya mwaka jana havimwingii tena.”

Alikuwa akicheka. Nilikuwa sijauona uso ule tangu msiba. Kule habari ilikuwa haijafika, na kule kaka alikuwa bado mzima, anamaliza viatu. Niliumia vibaya. Mtoto aliyekuwa hai nilikuwa mimi, nimesimama na beseni, na hakuna aliyeuliza kama sijambo.

Haikudumu. Jirani yetu mmoja wa kwaya, mwenye huruma isiyojua kunyamaza, alivuka kununua sabuni akawaeleza wale wanawake yaliyotufika, ili nao watoe pole. Wakatoa. Wakayanunua maandazi yote asubuhi hiyo hiyo, hata yaliyoungua.

Mama alirudi mapema, akakaa kizingitini na kanga yake begani. Nikamuuliza kulikoni.

“Leo wameniita mama tu,” akasema. “Mama, pole. Mama, pole. Hakuna hata mmoja aliyemtaja.”

Shangazi, dada yake baba, alikuwa akipita njiani na kuni kichwani. Akamsalimu kama walivyozoea sasa, kwa jina langu.

“Abee,” mama akaitika.

Nilikuwa nimeisubiri abee hiyo tangu matanga. Nilipoisikia nilikimbilia nyuma ya nyumba nikalia mpaka sauti ikakauka, maana hapo ndipo nilipojua kwamba kaka amekufa.