Fundi Koki na Bustani ya Chupani

Kwa miaka thelathini na minne Fundi Koki aliingia majumbani mwa watu na mfuko wa zana begani, akapiga goti chini ya sinki, akatega sikio, kisha akatamka ugonjwa kama daktari bingwa: "Mpira umekufa." Na kweli ukikaguliwa unakutwa umekufa. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu. Mtaa mzima ulimwita Koki, na mkewe pia, hasa akiwa amekasirika.

Nyumbani kwake mwenyewe koki ya bafuni ilivuja miaka minne. Mganga hajigangi, na fundi bomba ni vivyo hivyo. Mkewe alikuwa mkutubi wa shule ya sekondari, mwanamke aliyeweza kunyamazisha wanafunzi mia bila kupandisha sauti, lakini kwa mumewe aligonga mwamba. Alisema, akanuna, akaandika karatasi akaibandika kwenye kioo cha kunyolea, mwishowe akaamua kuweka ndoo. Koki alikuwa na jibu lake lile lile: hiyo ni kazi ya dakika kumi, na kazi ya dakika kumi haina haraka.

Asubuhi moja ndoo ikajaa, ikamwagika, Koki akateleza. Goti lilitoa mlio ambao baadaye aliufananisha na bomba la plastiki linapovunjika, na alisema hivyo kwa fahari kidogo, kama mtu aliyetambua kosa kabla ya wengine. Alirudi kutoka hospitali mguu mzima ukiwa kwenye plasta ngumu, na amri ya kukaa wiki kumi bila kazi. Alipoingia bafuni kwa magongo alishangaa kukuta kimya. Hakuna tone. Mkewe alikuwa amemwita fundi mwingine, tena kijana ambaye Koki mwenyewe ndiye aliyemfundisha kushika spana.

"Alitumia dakika ngapi?" Koki akauliza.

"Nane," mkewe akasema, akaendelea kukunja mashuka.

Wiki ya kwanza ya kukaa bure ilimtesa kila mtu. Kwa kukosa cha kufanya, Koki alisikiliza mabomba ukutani. Alijua jirani wa juu ameoga saa ngapi, ameflashi choo mara ngapi, na alitoa taarifa mezani wakati watu wanakula. Mkutubi akapeleka malalamiko kwa mdogo wake, ambaye alikuwa muuguzi wa zahanati ya mtaa na ambaye kumtania shemeji yake aliona ni sehemu ya wajibu wake duniani. Jioni hiyo muuguzi akaja amekumbatia chupa kubwa ya kioo, ile ambayo duka la kona liliwekea peremende, yenye mdomo mpana wa kupitisha ngumi na kifuniko cha kubana. Akamwekea Koki mapajani.

"Shemeji, nimekuletea kazi usiyoiweza."

"Kazi gani hiyo?"

"Ya kutofanya kitu."

Akamweleza kwamba ndani ya chupa ile atapanda mimea, atatia maji kidogo mara moja, kisha atafunga. Maji yatapanda kama mvuke, yatashika kioo, yatarudi chini kuwa matone, na mimea itakunywa maji yale yale miezi na miezi bila mtu kuigusa. Koki alicheka mpaka mguu ukamuuma. Alikuwa hajaona mfumo wa maji usiohitaji fundi, na hakukusudia kuuona uzeeni. Akaikubali kazi ili amuumbue shemeji yake.

Kwa kuwa hakuweza kuinama, mkewe akageuka saidia fundi. Alitumwa kokoto ndogo, akaambiwa azioshe. Alitumwa mkaa, akaambiwa autwange, kwa sababu mkaa hula harufu. Alikata wavu wa chujio bovu ili udongo usizame kwenye kokoto. Udongo wenyewe alirudishwa nao mara mbili, mara ya kwanza kwa kuwa na mfinyanzi mwingi, mara ya pili, naamini, kwa mazoea tu.

"Chini kokoto, juu yake mkaa, kisha wavu, kisha udongo," Koki alisema, macho yakimng'aa. "Hili ni shimo la maji machafu, ila la mwanasesere."

Mkutubi alichimbua mimea miwili midogo ya kangaga, yenye majani kama manyoya, iliyojiotea kwenye ufa wa tangi la maji la shule, na kipande cha lile zulia la kijani linaloota kwenye kuta zenye unyevu. Maisha yake yote Koki alilikwangua zulia lile kwa brashi ya waya, akiliona ni ushahidi wa uhalifu. Sasa alililaza juu ya udongo kwa kijiko alichokifunga kwenye fimbo, ulimi umetoka nje kidogo, kama mtoto anayejifunza kuandika. Akatia maji. Akafunga.

Baada ya nusu saa akafungua aone inaendeleaje.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kila asubuhi alikuta kioo kina ukungu wa maji, na kwa akili ya fundi, maji nje ya bomba ni maji yanayopotea. Akafungua, akapangusa kwa kitambaa, akaona sasa ndani pamekauka, akaongeza kikombe. Kesho yake ukungu ukarudi mzito zaidi, naye akapangusa zaidi na kuongeza zaidi. Wiki ya tatu maji yalikuwa yamefunika kokoto zote, yakapanda kwenye udongo, kangaga zikawa njano, kisha nyeusi, na asubuhi moja kifuniko kilipoinuliwa sebule ilinuka kama kazi ya Koki siku za mvua. Mkewe alifungua dirisha.

"Nimeiua," Koki akasema, akitazama ukuta.

Mkutubi alikuwa na mizaha mitatu tayari mdomoni. Alipoona uso wa mumewe akaimeza yote mitatu. Akaketi, akamuuliza taratibu, kama anavyomuuliza mwanafunzi aliyepoteza kitabu, maji aliyokuwa akiyaongeza yalikuwa ya nini.

"Ya kufidia yanayokwenda."

"Yanakwenda wapi, na umefunga?"

Koki akakishika kifuniko, akakigeuza mkononi.

"Hayaendi popote," akasema mwishowe. Mtu aliyejua njia zote ambazo maji hutorokea alikuwa hajawahi kufikiria maji yasiyokuwa na safari.

Wakaanza upya. Chupa ilioshwa kwa maji ya moto, mkaa ukabadilishwa, kangaga nyingine zikaletwa kutoka kwenye ufa ule ule. Safari hii maji yaliingia kwa vijiko vinane, na vilihesabiwa kwa sauti na watu wawili. Kisha mkutubi akatoa kwenye mkoba wake utepe wa kubandikia vitabu, akauzungusha kwenye kifuniko, akaugonga muhuri wa maktaba na tarehe ya siku hiyo. Muhuri ulisema: KITABU CHA REJEA. HAKIAZIMWI.

"Ukifungua nitajua," akasema.

Basi Koki akabaki na macho tu. Akagundua kwamba ukungu hushika upande wa dirishani asubuhi na kuyeyuka mchana, na kwamba chupa ikipigwa na jua moja kwa moja huchemka kama sufuria, hivyo akaomba isogezwe kivulini, karibu na rafu ya vitabu. Siku kangaga ilipokunjua jani jipya, lililojiviringa kama kiganja cha mtoto aliyelala, alimwita mkewe kwa sauti iliyomfanya atoke jikoni mbio na mikono imejaa povu, akidhani mguu umevunjika tena. Alitazama jani. Akamtazama mumewe. Akarudi kuosha vyombo, lakini hakulalamika.

Kisha akatokea konokono. Alikuwa mdogo kama punje ya dengu, akipanda kioo kwa ndani bila wasiwasi, na jani lile jipya lilikuwa tayari na pengo ukingoni. Koki akadai utepe ukatwe mara moja. Mkewe akauliza konokono ametoka wapi.

"Kwenye udongo."

"Basi pale ni kwao. Mgeni ni kangaga."

Kwa siku mbili mzee alimtazama adui yake kwa miwani ya kusomea. Siku ya tatu, alipoona mdomo haufui dafu, akaandika barua rasmi kwa Mkutubi, yenye anwani na kichwa cha habari kilichopigiwa mstari: Ombi la Kufungua Kitabu cha Rejea kwa Sababu ya Mdudu. Mkutubi aliipokea, akaipiga muhuri, akaijibu chini yake kwa wino mwekundu kwamba ombi limekataliwa, na mwombaji asubiri siku saba.

Ndani ya siku saba kangaga zilitoa majani matatu, na konokono alikuwa amemaliza nusu ya lile moja tu. Tena alionekana akila kuvu jeupe lililoanza kujitokeza kwenye kijiti kilichoingia na udongo. Koki aliiondoa barua yake mezani kimyakimya. Siku chache baadaye alisikika akimwita konokono yule Mpangaji, na asubuhi, kabla hajagusa chai yake, alimtafuta kwanza amelala ukuta gani.

Plasta ilipotolewa alirudi kazini, lakini watu walisema fundi amepungukiwa na kasi. Mwalimu mmoja alimwita ang'oe mabomba yote kwa sababu ukuta wa chumba ulikuwa na unyevu. Koki wa zamani angekwisha shika nyundo. Huyu aliomba kiti. Akautazama ukuta karibu saa nzima, kisha akauliza nguo zinaanikwa wapi. Zilianikwa humo humo ndani, madirisha yamefungwa. Akafungua dirisha, akaaga. Mwalimu alimweleza kila mtu kwamba mzee amechoka, hadi ukuta ulipokauka, ndipo akaacha kueleza.

Muuguzi naye, alipoona chupa imestawi, akaitaka kwa ajili ya chumba cha kusubiria pale zahanati. Koki alikataa katakata. Badala yake akamtengenezea nyingine, akaibandika karatasi yenye mwandiko wake mkubwa: Usifungue. Usitie maji. Usigonge. Ikawekwa juu ya kabati la mafaili, mkabala na benchi. Tangu hapo kila Alhamisi Koki hupita zahanati kukagua masinki, ingawa hakuna sinki lililolalamika.

Alhamisi moja alimkuta mama mmoja mtu mzima, aliyekuja kupimwa presha, amesimama mbele ya chupa na namba yake mkononi.

"Anayeimwagilia ni nani?" mama akauliza.

"Hakuna, mama."

"Hakuna mtu kabisa?"

Koki akavuta benchi, akamkaribisha. Akamwonyesha tone moja lililokuwa likinenepa chini ya kifuniko, akamwambia walingoje tu lishuke. Wakalisubiri. Muuguzi akaita namba saba mlangoni. Akaita tena. Mama hakusikia, na Koki, aliyesikia vizuri sana, hakusema kitu. Mara ya tatu muuguzi alitoka na faili kiunoni, akawakuta wote wawili wameinamia kioo.

"Limeshuka," mama akasema. Ndipo akainuka na namba yake kumfuata muuguzi, na aliyekuwa pembeni, namba nane, akasogea kukaa karibu na Koki.