Kamba Ambayo Hatukuifunga

Nilikuwa mtu mwenye aibu hata kabla ya mambo haya. Katika shule ya misheni, mwalimu akiuliza swali ninalolijua, jibu lilifika kooni likakaa hapo mpaka mwenzangu alitaje. Ndiyo maana nilipenda kuandika. Daftari halikutazami usoni.

Mama aliugua kichwa tangu alipomzaa mdogo wangu wa mwisho, ambaye hakuishi. Kwanza alinyamaza. Baadaye akaanza kuongea na watu tusiowaona, tena kwa heshima, kama mtu aliyepata wageni. Siku nyingine alitoka jua likiwa utosini, akashika njia ya vichakani bila maji. Baba alikuwa kazini stesheni, maana reli ilikuwa bado mpya Dodoma, nami nilikuwa shuleni. Tukachukua kengele ya mbuzi, tukaitundika mlangoni kwa kamba ya magome ya mbuyu. Mlango ukisukumwa, bibi jirani aliyekuwa akitwanga uwele alisikia, akaja kumuuliza mama anakwenda wapi, wakaenda pamoja. Ndivyo tulivyoishi, wala hatukuona ajabu.

Wazee wa ukoo walisema ni mizimu ya upande wa mama. Misheni walisema ni dhambi, au ni mapepo, ilitegemea nani anahubiri Jumapili hiyo. Sikumwamini yeyote, ila sikuwa na neno langu la kusema.

Halafu akaja daktari, Mdachi, akakaa misheni miezi kadhaa. Kiswahili chake kilikuwa cha pwani, kizuri kuliko chetu. Alipenda mwandiko wangu, akanipa kazi ya kuandika vibandiko vya chupa zake. Siku moja akaniita nichungulie katika chombo chake cha shaba chenye vioo, chini yake tone la damu ya mgonjwa wa homa. Nikaviona vijidudu.

"Hata kwetu zamani tulisema homa hii ni hewa mbaya," akaniambia. "Kumbe vilikuwa humo siku zote, hakuna aliyetazama. Na kichwa cha mama yako ni mwili, kama ini lilivyo mwili. Kuna kitu humo. Hatujatazama tu."

Nilitoka nikasimama nyuma ya ghala nikalia kwa furaha. Mtu ambaye mama yake hajaitwa mwenye mapepo sidhani kama atanielewa.

Daktari alikuwa na chama cha wenzake huko Ulaya. Hakikuwa cha serikali wala cha biashara. Kazi yao ilikuwa kuwaendea wakubwa na matajiri, kuwasihi kwamba magonjwa ya akili yachunguzwe kama homa zinavyochunguzwa, kwa damu, kwa nywele, kwa kila kilichomo mwilini. Wachunguzi walitaka vitu vya kutazama, pamoja na maelezo ya mgonjwa siku kwa siku. Aliniahidi mambo mawili. Mgonjwa hatajulikana ni nani, na kitakachoonekana kitarudi kwetu kwanza.

Basi mimi, ambaye jibu la hesabu lilinishinda kulitamka, nikaanza kupita nyumba kwa nyumba kuyasema maneno ya daktari. Mfanyabiashara mmoja wa Kondoa aliyehamia karibu na stesheni alikuwa na binti aliyeacha kusema kabisa. Alinisikiliza hadi mwisho, nami natazama vidole vya miguu yangu. Akasema lazima ni kweli, kwa kuwa waongo humtazama mtu machoni. Akakubali binti yake achomwe kidole, damu itolewe.

Kwa mama ilikuwa vigumu zaidi. Kwetu nywele za mtu hazitupwi ovyo. Anayekunyoa ni mtu wako, na zikishanyolewa huzikwa zizini chini ya samadi, pasipofikiwa na mtu wa kando. Mama hakukubali mkono mwingine ila wangu.

Akaniuliza, "Huyo atazifanya nini?"

"Atazitazama, mama."

"Wewe umemwona akitazama?"

"Nimemwona."

"Basi ninyoe."

Nilimnyoa, na nywele zikaingia katika bahasha ya daktari. Kisha daktari akaleta sanduku la kupigia picha, akamsimamisha mama ukutani, kichwa kitupu kinang'aa. Alisema picha ni ya wachunguzi peke yao, wajue umbo la kichwa. Miezi minne niliandika kila kitu cha mama: alichokula, alichosema na wageni wake, alipolala, alipotoka. Niliandika hata habari ya kengele ya mlangoni.

Siku moja mwalimu aliingia darasani na gazeti la misheni, akasema leo tutasoma habari ya huruma. Picha ikapita mkono kwa mkono ikanifikia. Alikuwa mama. Mwalimu akasoma kwamba mwanamke huyu wa nyanda za Dodoma hufungwa kamba na watu wake mchana kutwa, na kuvikwa kengele shingoni kama mbuzi, kwa kuwa hawajui ugonjwa ni nini, basi wenye moyo mwema wasaidie uchunguzi. Sidhani kama alimtambua. Wenzangu walimtambua. Nyuma yangu msichana mmoja aliliza kengele kwa ulimi, polepole, ngele, ngele, na mwalimu akaendelea kusoma.

Nilikwenda kwa daktari siku ileile. Alikuwa akifunga mizigo ya safari. Nikamwambia hatukumfunga mama. Nilidhani atasema mpiga chapa amekosea. Nilikuwa nimeshajiandaa kumsamehe.

"Najua," akasema. "Nilisoma maandishi yako yote. Ni mazuri sana." Akaketi juu ya sanduku. "Sikiliza. Nilipoteremka pwani niliwasimulia watu wetu habari ya kengele ya mlangoni. Wakasikiliza kwa adabu, wakaenda kula. Mlango haumlizi mtu. Nilipomfunga mama yako, chumba kizima kilinyamaza."

Nikauliza wachunguzi wameona nini. Akasema damu iliharibika kwa joto kabla ya kufika pwani. Alikuwa amelijua hilo tangu zamani, na wiki nenda wiki rudi nilimpelekea kurasa. Nywele zilifika, zimo kabatini, hakuna aliyepata nafasi ya kuzitazama.

Nikamuuliza kama na ile habari ya kwamba ugonjwa uko mwilini aliisema ili nilie.

"Hapana. Hiyo ni kweli."

Nikamwamini. Naandika haya kwa kuwa ndiyo yanayonichoma kuliko picha. Hata sasa naamini. Angekuwa amenidanganya yote, ningemchukia nikapumzika.

Habari ilisambaa. Mfanyabiashara wa Kondoa alinikuta njiani akasema, "Binti, kalamu yako ina miguu kuliko punda wangu." Kisha akaniuliza, safari hii bila mzaha, binti yake ataandikwa lini. Baba hakunipiga. Siku mbili aliwapelekea mbuzi maji mwenyewe, na siku ya tatu akaniambia niwapelekee mimi, nikajua ameshamaliza la kwake.

Niliyemwogopa ni mama. Nilipanga kumweleza mwenyewe, kwa utaratibu, asubuhi ya siku ambayo kichwa chake ni chepesi. Bibi jirani akanitangulia. Alidhani anamtetea, akamwambia jinsi watu wa gazeti walivyosema uongo.

Nilimkuta mama akipepeta uwele uani. Hakuwa na hasira. Aliweka ungo chini, akageuza mikono yake, akaitazama toka viwikoni hadi viganjani, akaupapasa mkono mmoja kwa mwingine.

"Gazeti limesema mlinifunga," akasema.

"Mama, hatukukufunga hata siku moja."

"Limeandikwa na watu waliosoma. Na mimi kichwa changu unakijua, kinasahau." Akasogea nipate kukaa karibu yake. "Sikulaumu, mwanangu. Pengine nilikuwa nawasumbua. Niambie tu, ilikuwa kabla ya mvua au baada?"

Nikamwambia tena hatukumfunga. Nikamshika mikono, nikasema mara ya tatu, mara ya nne. Alitikisa kichwa kukubali, taratibu, kama mtu anayemwonea huruma mtoto asiyeweza kusema kweli, akarudia kupepeta.